Jicho huona ambacho mkono umeshakifanya: nyuroni za kioo katika huruma, mafunzo na ununuzi

Eneo linaitwa F5. Liko upande wa mbele wa ubongo wa makaka, nyani wa Asia anayetumiwa sana maabara, na kazi yake ni kupanga miendo ya mkono na mdomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Parma nchini Italia, Giacomo Rizzolatti na wenzake walikuwa wakipitisha elektrodi nyembamba (nyaya za kunasa umeme wa seli) ndani ya eneo hilo na kusikiliza seli moja baada ya nyingine. Nyani akiokota kipande cha chakula, seli inarusha ishara. Hilo walilitarajia. Halafu mtafiti akakiokota yeye, nyani katulia tuli, mikono haijasogea, na seli ileile ikarusha ishara.

Taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 1992. Ile ya kina ilitoka 1996: seli 532 zilipimwa na 92 kati yake zilikuwa na tabia hiyo, yaani kama moja katika kila sita. Zikaitwa nyuroni za kioo, nyuroni zikiwa ni seli za neva. Tangu hapo jina limekwenda mbali kuliko vipimo. Limebebeshwa kazi ya kueleza lugha, utamaduni, usonji, mapenzi, hata kwa nini watu hununua viatu. Mwaka 2000 mwanasayansi wa ubongo V. S. Ramachandran alitabiri kwamba nyuroni hizi zitaifanyia saikolojia kile ambacho DNA iliifanyia biolojia. Utabiri huo haujatimia. Lakini waliochoshwa na sifa hizo nao wanakosea wanapoitupa habari yote, kwa sababu ndani yake limo jambo la kweli lenye faida kwa mwalimu, muuguzi, muuzaji na mnunuzi: ubongo hulitafsiri tendo la mwenzako kwa kutumia matendo ambayo mwili wako umeshayazoea. Pale mwili usipokuwa na uzoefu, tafsiri inakuwa hafifu.

Seli hizi zina masharti yake, na masharti ndiyo husahauliwa kwanza. Chakula kikiwa mezani peke yake, kimya. Mkono ukiigiza kuokota hewani pasipo na kitu, kimya. Chakula kikiokotwa kwa koleo badala ya vidole, katika vipimo vile vya awali, seli zilinyamaza au ziliitika kwa unyonge. Kinachoziamsha ni mkono na kitu vikikutana ili jambo litimie. Na namna ya kushika haikuwa na uzito mkubwa: takriban theluthi moja tu ya zile 92 zilitaka tendo linaloonwa lifanane barabara na tendo linalofanywa. Nyingi ziliridhika mradi lengo ni moja.

Lengo ndilo neno la kushika hapa. Mwaka 2001 kundi hilohilo lilificha mwisho wa tendo nyuma ya kizuizi. Nyani alionyeshwa kwanza kwamba huko nyuma kuna chakula, kisha akauona mkono ukipotelea huko. Takriban nusu ya seli zilizopimwa ziliendelea kuitika kana kwamba zimeona kila kitu. Mwaka 2002 ikaonekana kwamba baadhi huitikia sauti tu, kwa mfano karanga inayovunjwa ganda. Mwaka 2005, katika sehemu ya ubongo iliyo nyuma zaidi, wakalinganisha kushika chakula ili kukila na kushika ili kukiweka ndani ya chombo. Vidole vilishika kwa namna moja, lakini seli nyingi zilitofautisha nia hizo mbili kabla tendo halijaisha.

Kwa binadamu ushahidi ni wa aina nyingine, na msomaji anayekutana na neno hili kwenye tangazo la semina ni vizuri ajue tofauti. Hakuna anayefungua fuvu la mtu mzima wa afya ili asikilize seli. Mwaka 1995, Luciano Fadiga na wenzake walitumia sumaku iliyowekwa juu ya kichwa kuchochea eneo la ubongo linaloamuru misuli. Mtu akitazama mkono wa mwingine ukishika kitu, misuli yake mwenyewe ya mkono iliitika kwa nguvu zaidi kuliko akitazama kitu peke yake. Baadaye zikaja picha za MRI, mashine inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, lakini chembe moja ya picha hizo, mchemraba wenye kama milimita 3 kila upande, ina seli za neva laki kadhaa. Picha inasema mtaa una watu. Haisemi nani kazungumza.

Seli mojamoja za binadamu zilisikilizwa na kundi la UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) lililochapisha matokeo mwaka 2010. Walikuwa wagonjwa 21 wa kifafa waliowekewa elektrodi ili madaktari watafute chanzo cha degedege, kwa hiyo mahali pa elektrodi palichaguliwa na tiba, si na utafiti. Kati ya seli 1,177, baadhi ziliitika mtu anapofanya tendo na anapolitazama. Na kulikuwa na kundi dogo la kuvutia zaidi: seli zilizopanda mtu anapofanya na kushuka anapotazama. Huenda hiyo ndiyo breki inayotuzuia tusiige kila tunachokiona. Kwa maoni yangu hilo ni tokeo kubwa sawa na lile la kwanza, ila halisimuliwi kwa kuwa halinogi kwenye ukumbi wa semina.

Sasa, zinatoka wapi? Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Caroline Catmur, Vincent Walsh na Cecilia Heyes, mwaka 2007, London. Kwa kawaida, ukitazama kidole cha shahada cha mtu kikisogea, misuli ya kidole chako cha shahada ndiyo inayochangamka. Wao waliwazoeza watu kinyume: ukiona cha shahada kinasogea, sogeza cha mwisho, ukiona cha mwisho, sogeza cha shahada. Baada ya mazoezi wakapima tena kwa sumaku. Kioo kilikuwa kimegeuka: kutazama kidole cha shahada kuliichangamsha zaidi misuli ya kidole cha mwisho. Kama kioo kingekuwa kitu cha kuzaliwa nacho kisichobadilika, mazoezi mafupi hayangekigeuza. Kinajengwa na kuona na kufanya vikienda pamoja, mara nyingi, kwa mpangilio uleule.

Matokeo mengine yanakaa vizuri pembeni ya hilo. Mwaka 2005 wacheza baleti, wacheza capoeira (mchezo wa Kibrazili unaochanganya dansi na kupigana) na watu wasiocheza lolote walitazama video za michezo yote miwili ndani ya MRI. Maeneo ya kupanga mwendo yaliwaka zaidi kila mchezaji alipotazama mchezo wake mwenyewe. Mwaka 2004 watu walitazama, bila sauti, mtu, nyani na mbwa wakiuma chakula: maeneo ya mwendo yaliitikia wote watatu. Wakatazama mbwa akibweka: maeneo hayo yakanyamaza. Watu wanauma. Hawabweki. Kubweka walikuelewa, lakini kwa macho na akili, bila mwili kushiriki.

Hapohapo pana jibu kwa wanaodai kwamba bila nyuroni za kioo hatuelewi matendo ya wenzetu. Tunaelewa. Mtu ambaye kiharusi kimemharibia uwezo wa kutamka mara nyingi bado anafahamu maneno anayoambiwa, na Gregory Hickok, mtafiti wa ubongo na lugha, amelitumia hilo vizuri kuwapinga waliotia chumvi. Kioo ni msaidizi wa kuelewa. Si mlango pekee.

Mafunzo

Kosa la kwanza la wanaofundisha kwa video ni kuamini kwamba kutazama mara nyingi ni nusu ya kujua. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien waliwaonyesha watu video ya kuvuta kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo, wengine mara 1, wengine mara 20. Waliotazama mara 20 walijiamini zaidi kwamba wataweza. Katika majaribio yao mengine, kama kurusha vishale, ambako watu walijaribu kweli, waliotazama mara 20 hawakuwa bora kuliko waliotazama mara moja. Sababu inaingia moja kwa moja kwenye hoja yetu: video inaonyesha mwendo, haionyeshi nguvu. Uzito, joto, utelezi, kiasi cha kubana, vyote hivyo havionekani. Ubongo hujazia pengo kwa uzoefu ulionao, na asiye na uzoefu hujazia kwa kudhani. Dhana hiyo anaihisi kama ujuzi.

Chukua chapati za kusukuma. Vikombe 4 vya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha chumvi, vijiko 3 vya mafuta, maji ya vuguvugu kama kikombe 1 na nusu yanayotiwa kidogokidogo. Mwanafunzi akitazama anaona mikono ikikanda, donge likisukumwa, likipakwa mafuta, likiviringishwa kama konokono, likipumzishwa, likisukumwa tena. Atakariri mpangilio kwa kutazama mara moja tu. Kisichoonekana ni kwamba kusukuma kwa pili kunataka mkono mwepesi. Ukikandamiza, zile tabaka ulizozijenga kwa kuviringisha zinashikana na chapati inatoka kama ngozi. Haonyeshwi pia unga umekandika kiasi gani. Kwa hiyo kila kisichoonekana kigeuze kuwa kitu cha kushikwa au kuhesabika: bonyeza donge kwa kidole, likirudi polepole limeiva kukandwa, likibaki shimo bado halijaiva, likikataa kubonyea ni kavu. Lipumzishe dakika 30 chini ya kitambaa chenye unyevu. Mwachie mwanafunzi ashike mpini wa msukumio, nawe weka mikono juu ya yake kwa madonge 2 ya kwanza, ili ahisi uzito wenyewe. La tatu asukume peke yake.

Mpangilio mzuri wa somo lolote la mikono ni kujaribu kwanza, kisha kutazama, kisha kufanya papo hapo. Jaribio la kwanza litaharibika na hiyo ndiyo kazi yake: linaupa mwili maswali ambayo jicho litayatafutia majibu. Kardas na O'Brien waliona kitu kinachoelekea huko. Watu waliokuwa wamejiamini kwa kutazama video ya kurusha na kudaka vikorokoro, wakishikishwa vikorokoro vyenyewe mkononi, kujiamini kulishuka na kukaribia ukweli.

Kaa upande gani? Ukimkabili mwanafunzi uso kwa uso, mkono wako wa kulia unakuwa upande wake wa kushoto, na wengi, hasa watoto, huiga kama kwenye kioo. Ndiyo maana mtoto anaweza kufunga kamba za viatu kinyume na alivyofundisha mzazi. Kaa kando yake au nyuma ya bega lake, na ukirekodi video iwe ya juu ya bega, mikono ikionekana kama mtazamaji angeiona yake. Ila mwanafunzi akiwa wa mkono wa kushoto na wewe wa kulia, basi mkabili. Kule kugeuka kunakokera wengine kutamfaa yeye.

Na punguza vituko vya mkono. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha jaribio walilolifanya na sokwe wa kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Sokwe walionyeshwa namna ya kutoa chakula ndani ya sanduku, na baadhi ya hatua, kama kuchokoa tundu la juu kwa kijiti, hazikuwa na faida yoyote. Sanduku likiwa jeusi, sokwe waliiga hatua nyingi. Likiwa la kuonekana ndani, wakaziacha zile za bure na kwenda kwenye mlango wa chakula. Watoto wa binadamu wa miaka 3 na 4 waliiga zote katika masanduku yote mawili. Mtoto na mwanagenzi hawaigi ujuzi wako tu. Wanaiga na mazoea yako. Fundi anayegonga msumari mara mbili hewani kabla ya kupiga atawaachia wanafunzi wake ugongaji huo miaka ishirini. Hatua isiyo na kazi iondoe, au itaje kwamba ni ya mazoea tu.

Kuhusu watoto wachanga, wengi bado wanarudia kwamba mtoto wa wiki mbili au tatu huiga ulimi ukitolewa. Taarifa hiyo ni ya Andrew Meltzoff na Keith Moore, 1977. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 uliofuata watoto 106 na kuwapima ishara 11 haukuuona uigaji huo. Hilo linapatana na jaribio la vidole: kuiga nako kunajengwa. Mzazi anayemrudishia mtoto sura na sauti anazozitoa anajenga kioo hicho, kwa sababu mtoto anahisi tendo lake na kuliona kwa wakati mmoja.

Mahali ambapo elimu hii imegeuzwa kuwa tiba ya kweli ni kwa waliopooza mkono baada ya kiharusi. Giovanni Buccino na wenzake ndio walioujenga utaratibu wake, na unaweza kufanyika nyumbani kwa simu, kwa kushauriana na mtaalamu wa fiziotherapia, juu ya mazoezi mengine anayoyatoa na si badala yake. Kikao kimoja, tendo moja la kila siku. Tuseme kunywa maji. Ligawe vipande 4: mkono kufika kwenye kikombe, kukishika, kukileta mdomoni, kukirudisha mezani. Kila kipande kirekodi kivyake, mbele, kando na juu. Mgonjwa atazame kipande cha kwanza kwa dakika 3, kisha afanye kipande hicho kwa dakika 2 kadiri anavyoweza, akiwa na kikombe halisi. Ndipo kipande cha pili. Kikao kizima ni kama dakika 20, au nusu saa ukihesabu maandalizi.

Kinachoharibu ni hiki: familia inarekodi tendo zima kwa mkupuo, inamwachia mgonjwa simu na kuondoka. Kutazama bila kufanya kunapoteza sehemu kubwa ya dawa. Kosa la pili ni mkono usio wake: kama amepooza kulia, video iwe ya mkono wa kulia, na kama anayerekodiwa anatumia wa kushoto, igeuze video kwenye programu ya kuhariri. La tatu ni kuchagua tendo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliyekuwa akishona, mpe sindano na uzi. Aliyekuwa akilima, mpe mpini wa jembe.

Huruma

Neno letu huruma limebeba mambo mawili ambayo ubongo unayatenganisha: kuumia pamoja na mwenzako, na kumtakia nafuu mpaka ukamtendea. Watafiti wa nyuroni za kioo wanapozungumzia hisia huwa wanapima hilo la kwanza, na hata maeneo ya ubongo si yaleyale ya mikono.

Mwaka 2003 Bruno Wicker na wenzake waliwanusisha watu harufu mbaya, na pia wakawaonyesha nyuso za watu wanaokunja pua kwa kinyaa. Sehemu ileile ya mbele ya insula, eneo lililojificha ndani ya mkunjo wa pembeni wa ubongo, iliwaka mara zote mbili. Mwaka uliofuata Tania Singer aliwapima wanawake 16 huku wapenzi wao wamekaa kando ya mashine. Alama ilimwambia mwanamke nani atapigwa shoti mkononi, yeye au mwenzi wake. Insula na singuleti ya mbele, eneo la katikati ya ubongo, ziliwaka kwa maumivu yake na kwa ya mwenzi. Lakini sehemu inayopima maumivu yako wapi na makali kiasi gani iliwaka kwa ya kwake tu. Tunashiriki ubaya wa maumivu. Mahali pake na ukali wake hubaki vya mwenye mwili. Mwaka 2019 maabara ya Christian Keysers, Amsterdam, ilionyesha seli kama hizo katika singuleti ya mbele ya panya, na eneo hilo liliponyamazishwa kwa dawa, kuganda kwa hofu kwa panya aliyemwona mwenzake akiumizwa kulipungua.

Huruma ya namna hii haigawanywi kwa usawa, na hapo ndipo inapouma. Mwaka 2010 Alessio Avenanti na wenzake waliwaonyesha watu weupe na weusi nchini Italia sindano ikidunga mkono. Mwili wa mtazamaji uliitika alipoona mkono wa kundi lake. Kwa mkono wa kundi lingine, mwitikio ulipotea. Wakaongeza mkono wa rangi ya zambarau, ambao hakuna aliyewahi kuukuta mtaani. Ule waliuonea uchungu. Kwa hiyo ugeni wa rangi si sababu. Kilichozima mwitikio ni dhana waliyokuwa nayo tayari juu ya kundi, na waliokuwa na upendeleo mkubwa wa ndani ndio walioonyesha tofauti kubwa. Anayesema nyuroni za kioo zinatufanya sote kuwa ndugu asome jaribio hilo mara mbili.

Mazoea ya kazi nayo hubadilisha mwitikio. Madaktari wanaotibu kwa kudunga sindano za Kichina, katika utafiti wa mwaka 2007, hawakuonyesha ule mwako wa insula walipoona sindano zikiingia mwilini. Si ukatili. Mkono unaotetemeka hauchomi sindano sawasawa.

Kwa muuguzi na kwa anayemtunza mgonjwa nyumbani, tofauti ya mambo mawili yaliyo ndani ya huruma ni jambo la afya yake mwenyewe. Olga Klimecki na Tania Singer waliwafunza watu kuumia pamoja na wanaoteseka, na hisia mbaya zikaongezeka. Wakawafunza watu walewale kumtakia mtu heri na nafuu kwa makusudi, na hisia mbaya zikapungua, nzuri zikapanda, hata maeneo ya ubongo yaliyowaka yakawa mengine. Kwa hiyo ukijikuta umelemewa kando ya kitanda, usijilazimishe kuhisi zaidi. Taja ulichokiona, si unachodhani: "Naona umekunja uso ukigeuka upande huu." Muulize panapouma, maana insula yako haikuambii. Kisha fanya kitu kimoja kidogo kinachoonekana, mto, maji, kumgeuza. Tendo hilo humtoa mtunzaji kwenye maumivu na kumweka kwenye uangalizi.

Wazazi wenye watoto wenye usonji wawe macho. Dhana kwamba usonji ni "kioo kilichovunjika" ilienea sana miaka ya 2000, na vipimo vilivyofuata havikuiunga mkono. Wenye usonji wengi huelewa malengo ya matendo ya mikono kama watu wengine. Anayekuuzia mazoezi ya "kutengeneza nyuroni za kioo" anakuuzia dhana iliyoachwa.

Ununuzi

Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya mshauri wa masoko aliyesema picha za ubongo zimeonyesha watu wanaipenda simu yao ya iPhone kwa mapenzi yenyewe, kwa sababu insula iliwaka. Russell Poldrack na wanasayansi wa ubongo zaidi ya 40 waliandika barua kupinga: insula huwaka katika takriban theluthi moja ya tafiti zote za picha za ubongo, na huwaka kwa kinyaa na maumivu vilevile. Kulitaja eneo halafu ukajichagulia hisia ni kosa, na masomo mengi ya masoko ya ubongo yamesimama juu ya kosa hilo. Akikwambia mtu kwamba tangazo lake linaamsha nyuroni za kioo za wateja, hakuzipima. Hana elektrodi.

Vilevile si kila kuigana ni nyuroni za kioo. Watu wakijazana kwenye kibanda kimoja cha chipsi na kile cha jirani kikiwa kitupu, anayepita hufuata foleni kwa kuwa foleni ni habari: wengi wameonja, wamerudi. Hiyo ni hesabu ya kawaida.

Lakini kuna mambo ya mkono na kitu ambayo yamepimwa kwenye soko. Mwaka 2012 Ryan Elder na Aradhna Krishna waliwaonyesha watu matangazo ya kikombe, kishikio kikielekea kulia au kushoto. Wanaotumia mkono wa kulia walivutiwa kununua zaidi kishikio kilipoelekea kulia, upande ambao mkono wao ungekishika. Mkono huo uliposhikishwa kitu kingine, mvuto ulipotea. Na kwa chakula ambacho hawakukipenda, kijiko kuelekea mkono wao kuliwapunguzia hamu. Kwa usahihi, hapa wahusika wanaelekea kuwa ndugu wa nyuroni za kioo, seli zinazoitikia umbo la kitu kinachoshikika hata pasipo na mkono. Kundi la Joann Peck nalo lilichapisha mwaka 2022 kwamba kuona tu mkono wa mtu ukigusa bidhaa mtandaoni huongeza hisia kwamba bidhaa ni yako, na thamani unayoipa.

Anayeuza kwa Instagram au WhatsApp afanye hivi. Picha ya kwanza iwe na kishikio, mfuniko au zipu upande wa kulia wa mtazamaji, maana wateja wengi hutumia mkono huo. Ya pili iwe na mkono unaoshika bidhaa kama mteja atakavyoishika, si vidole viwili vinavyoining'iniza kama panya aliyekufa. Kisha video ya sekunde 6 hadi 10 yenye tendo moja lililokamilika: chupa inafunguliwa na maji yanamiminwa, zipu inafungwa mpaka mwisho, kitunguu kinakatwa na kudondoka. Tendo likikatizwa kabla ya lengo, umeondoa kile hasa kinachoamsha mwili. Usifunike sauti kwa muziki. Mkwaruzo wa zipu na mlio wa mafuta yanapopokea samaki ni sehemu ya tendo. Na bidhaa ambayo mteja hajawahi kushika mfano wake, ianzishe kwa tendo analolijua: jiko jipya, onyesha sufuria ikitengwa, kabla ya vitufe.

Ana kwa ana, Rick van Baaren na wenzake waliona Uholanzi kwamba mhudumu anayerudia agizo la mteja neno kwa neno hupata bakhshishi kubwa kuliko anayesema tu "sawa". Mteja akisema "nipe ile ya bluu yenye mfuko wa kando", mwambie "ile ya bluu yenye mfuko wa kando", siyo "hiyo navy". Rudia maneno tu. Ukirudia lafudhi au mikono yake atahisi unamdhihaki, na mauzo yamekwisha.

Kwa mnunuzi, hatari kubwa iko pale mchuuzi anapoonyesha kifaa cha kukatia mboga. Karoti inateleza, viazi vinatoka vipande sawasawa, na mkono wako unahisi kwamba unaweza. Mkono uliouona umefanya hivyo mara elfu kadhaa, kwa karoti iliyochaguliwa, ngumu na iliyonyooka. Omba ushike mwenyewe. Nunua nyanya moja iliyoiva kwa jirani, ukate pale mezani kwake, kisha uliza kifaa kinafunguliwaje ili kioshwe. Kama hakifunguki, mabaki ya nyanya ile yatabaki humo.